Jean-Martin Charcot: Daktari Aliyeubainisha Ugonjwa wa Multipo Sklerosisi

Mtahiniwa, umekwisha kujifunza kwamba neva hupeleka taarifa kati ya ubongo na viungo vya mwili, na kwamba nyuzi nyingi za neva zimezungukwa na utando wa mafuta uitwao mielini. Utando huo ni kama plastiki inayofunika waya wa umeme. Ukiharibika, taarifa huchelewa au hazifiki. Hayo ndiyo yanayotokea katika ugonjwa wa multipo sklerosisi. Soma sasa maisha ya daktari aliyeutofautisha na magonjwa mengine.

Jean-Martin Charcot alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 29 Novemba, 1825. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Charcot alisomea udaktari na kupata shahada ya udaktari mwaka 1853. Mwaka 1862 alianza kuongoza wadi katika hospitali ya Salpêtrière, iliyohifadhi maelfu ya wanawake, wengi wao wazee, maskini na wagonjwa wa muda mrefu. Mahali ambapo wengine waliona watu wasio na tumaini, yeye aliona maswali yasiyojibiwa.

Njia yake ilikuwa rahisi kuieleza, ila ilidai subira. Pamoja na mwenzake Vulpian, alimchunguza mgonjwa mmoja baada ya mwingine na kuandika dalili zake. Mgonjwa alipofariki, Charcot aliuchunguza ubongo na uti wa mgongo, kisha akalinganisha alichokiona na dalili alizoziandika.

Wakati huo wagonjwa waliotetemeka walichanganywa pamoja. Charcot aligundua kwamba wenye ugonjwa wa Parkinson hutetemeka mkono ukiwa umepumzika, lakini wengine hutetemeka pale wanapoutumia mkono, kwa mfano kuinua kikombe. Kundi hili la pili lilikuwa na mabaka magumu katika ubongo na uti wa mgongo. Mabaka yenyewe yalikwisha kuonwa na madaktari waliomtangulia. Yeye aliyaunganisha na dalili, na mwaka 1868 akaueleza ugonjwa huo waziwazi. Kwa hadubini aliona kwamba mielini imepotea, ilhali uzi wa neva mara nyingi umebaki.

Inasimuliwa kwamba alimwajiri mtumishi wa nyumbani aliyetetemeka hivyo, akamvumilia licha ya vyombo vingi kuvunjika. Mwanamke huyo alipofariki, uchunguzi ulionyesha kuwa alikuwa na mabaka yaleyale.

Usidhani kwamba Charcot alifaulu katika kila jambo. Alijaribu dawa kadhaa, zikiwemo zenye madini ya dhahabu na fedha, na hakuna iliyoponya. Aidha, aliamini kuwa wenye histeria pekee ndio wanaoweza kulazwa usingizi wa kiini macho. Wenzake walimpinga, na baadaye ikathibitika kuwa alikosea. Hata hivyo, mwaka 1882 alipewa nafasi ya uprofesa wa magonjwa ya neva, na wanafunzi walimfuata kutoka nchi nyingi, akiwemo Sigmund Freud. Alifariki tarehe 16 Agosti, 1893.

Swali alilowaachia waliomfuata ni hili: kwa nini mielini huharibika? Leo tunajua kwamba seli za kinga za mwili wenyewe huishambulia. Mwaka 1993, miaka 100 baada ya kifo chake, wanasayansi waligundua katika mnyoo mdogo sana RNA fupi zinazoitwa maikroRNA. Umezoea RNA inayobeba maelezo ya kutengeneza protini. Hizi hazitengenezi protini, bali hupunguza au kuzuia utengenezaji wake. Katika wagonjwa wa multipo sklerosisi, baadhi ya RNA hizo hupatikana kwa kiwango kisicho cha kawaida ndani ya seli za kinga, na watafiti wanachunguza kama zinaweza kusaidia kuutambua ugonjwa na kuutibu.

Kumbuka jambo moja uingiapo kwenye chumba cha mtihani wa vitendo. Huenda shule yako, kama nyingi za huku Nalasi, haina vifaa vingi. Charcot naye hakuwa na mashine ya kupiga picha ya ubongo. Alitazama kwa makini, akaandika alichokiona, kisha akalinganisha. Hata makosa yake yanakufundisha: jina kubwa si ushahidi. Andika ulichokiona, si ulichotarajia kukiona.