Mzee Mandela na Digrii Iliyosubiri Miaka 46



Katika familia zetu hapa Kinama si vigumu kumpata mtu ambaye masomo yake yalikatika njiani. Mmoja alikimbia vita akiwa amebakiza mwaka mmoja tu. Mwingine alimaliza sekondari, lakini vyeti viliungua pamoja na nyumba. Mwingine vyeti anavyo, ila ana watoto wanne na meza ya kuuzia sokoni. Wengi wamekwisha kusema moyoni kwamba habari ya chuo kikuu imepita. Kwa ajili yao tunaeleza upande mmoja wa maisha ya Mzee Nelson Mandela ambao hausimuliwi mara nyingi, yaani jinsi alivyosoma.

Hapa Burundi anakumbukwa kama mpatanishi. Aliichukua kazi hiyo Desemba 1999, baada ya Mwalimu Julius Nyerere kufariki, na Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Mwezi Juni wa mwaka huo wa 2000 alifika Bujumbura akaingia gereza la Mpimba kuwaona wafungwa. Mzee huyo mwenyewe alikuwa amefungwa miaka 27, na digrii yake ya sheria aliipata akiwa bado mfungwa.

Mandela alizaliwa tarehe 18 Julai 1918 katika kijiji cha Mvezo, Afrika Kusini. Baba yake alipokufa alilelewa na Chifu Jongintaba, akasomeshwa katika shule za misheni ya Wamethodisti, kisha chuo cha Fort Hare. Mwaka 1940 aligombana na wakuu wa chuo kwa ajili ya uchaguzi wa wanafunzi, akaondoka bila digrii. Alipofika nyumbani alikuta chifu amekwisha kumchagulia mke. Mwaka 1941 akatoroka kwenda Johannesburg. Alifika mjini bila masomo kamili, bila fedha na bila baraka ya mlezi wake.

Alipata mahali pa kulala Alexandra, kwanza kwa mchungaji wa Kianglikana, kisha katika chumba cha uani kwa familia ya jirani. Chumba kilikuwa na paa la bati na sakafu ya udongo, hakikuwa na umeme wala maji. Rafiki yake Walter Sisulu alimtafutia kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili. Mshahara ulikuwa mdogo, hata siku nyingine alitembea karibu kilometa 10 kwenda kazini na 10 kurudi ili asilipe basi. Chakula cha Jumapili alichopewa na wenye nyumba mara nyingine kilikuwa ndicho chakula cha moto pekee cha juma zima.

Ni katika hali hiyo alijiandikisha kusoma kwa posta na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kinachoitwa Unisa. Katika masomo ya namna hii mwanafunzi hahamii chuoni. Analipa ada, anapokea mpango wa masomo, anatafuta vitabu, anasoma peke yake, kisha anafanya mtihani mbele ya msimamizi. Mandela alifanya kazi mchana na kusoma usiku kwa mshumaa. Alishinda mitihani mwishoni mwa 1942, na mwaka 1943 alirudi Fort Hare kupokea digrii yake ya kwanza. Suti ya siku hiyo aliinunua kwa fedha za Sisulu.

Mwaka huo huo wa 1943 alianza digrii ya sheria katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na hapo mambo yalikuwa magumu. Alikuwa na kazi, siasa, na punde mke na watoto. Mkewe Evelyn, aliyekuwa nesi, aliitunza nyumba kwa mshahara wake. Mandela alianguka mitihani ya mwaka wa mwisho zaidi ya mara moja, na chuo hakikumpa digrii. Alifanya mtihani mwingine wa kumruhusu kuwa wakili, na mwaka 1952 akafungua ofisi pamoja na Oliver Tambo. Watu wengi walitetewa na wakili huyo asiye na digrii ya sheria.

Mwaka 1962 alifungwa. Akiwa kifungoni alijiandikisha tena kusoma sheria, safari hii na Chuo Kikuu cha London. Chuo hicho kimekuwa kikiwapa digrii watu wasiofika London tangu 1858. Kuanzia 1964 alikuwa kisiwani Robben, akivunja mawe mchana na kusoma jioni. Hapo mwanzo wafungwa hawakuwa na meza wala kiti, waliandika wamesimama kwenye ubao uliopigiliwa ukutani. Vitabu vilichelewa, vingine vilikataliwa, na kumwazima mwenzako kitabu kulikuwa kosa.

Mwaka 1977 askari waligundua kurasa za maisha yake alizokuwa ameziandika kwa siri. Adhabu yake ilikuwa kunyang'anywa ruhusa ya kusoma, naye akakaa miaka minne bila masomo. Ruhusa iliporudi alianza tena, na baadaye akaendelea na Unisa. Mwaka 1988 aliugua kifua kikuu. Mwaka 1989, akiwa katika gereza la Victor Verster, alipata digrii ya sheria. Alikuwa na umri wa miaka 70. Tangu alipoanza masomo ya sheria ilikuwa imepita miaka 46.

Wapendwa, tusiseme kwamba Mzee Mandela alifaulu kwa kuwa alikuwa na akili kuliko sisi. Alianguka mitihani kama watu wengine. Tena hakusoma kwa nguvu zake peke yake. Palikuwa na Sisulu na fedha zake, mwenye nyumba na sahani yake ya Jumapili, Evelyn na mshahara wake. Kisiwani wafungwa walifundishana. Mwenzake Ahmed Kathrada alipata digrii zaidi ya moja kutoka Unisa akiwa gerezani. Mtu anayesoma mbali na chuo anahitaji watu wa kumshika mkono. Mama akimwachia kijana taa saa mbili usiku, au jirani akimpokea mtoto wake siku ya mtihani, naye anachangia digrii hiyo.

Jirani zetu wa Tanzania wana Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994. Anayetaka njia ya namna hii, kwanza atafute vyeti vyake. Kama vimepotea, aulize namna ya kupata nakala katika shule au ofisi ya mitihani ya nchi alikosomea. Kabla ya kulipa chochote, aulize mambo matatu: kama chuo kinatambuliwa na serikali, ada yote ni kiasi gani, na mtihani unafanyiwa wapi. Kisha aanze na masomo machache anayoyaweza.

Mzee Mandela alifariki tarehe 5 Desemba 2013, akiwa na miaka 95. Digrii ile haikumfungulia mlango wa gereza, wala hakuipata ili aajiriwe. Aliimaliza kwa sababu aliianza. Kwa yule kati yetu aliyeweka daftari chini siku ya kukimbia, daftari lile bado ni lake.