Foucault: Aliyekimbia Damu Akaipasha Moto Shaba

Kabla maji ya Ruvu hayajafika hosteli, mota za umeme zinayasukuma kutoka Ruvu Juu, pale Mlandizi. Ukifungua mota ya umeme utakuta kiini chake si pande moja la chuma. Ni mabati membamba yaliyobanwa pamoja, kila moja limetengwa na mwenzake kwa kihami. Kwa nini? Tumuulize Léon Foucault.

Alizaliwa Paris mwaka 1819. Utotoni afya yake ilikuwa dhaifu, akafundishwa zaidi nyumbani. Akaanza kusomea udaktari, lakini damu ikamshinda, akaacha. Hesabu nzito hazikuwa fani yake. Mikono ndiyo ilikuwa fani. Mwaka 1851 alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 ndani ya Panthéon, watu wakaona kwa macho yao kwamba dunia inajizungusha.

Mwaka 1855 akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumakuumeme. Umeme ukizimwa, sahani inateleza tu. Ukiwashwa, inakuwa nzito kama imezama kwenye uji, na ukilazimisha izunguke, inapata moto. Arago alishaona mvuto huo 1824, na tangu 1831 Faraday alishaeleza: metali ikikatiza uga wa sumaku, mikondo ya umeme inazaliwa ndani yake. Foucault alionyesha gharama yake: kazi ya mkono inageuka joto. Ndiyo maana kiini cha mota hugawanywa mabati, mikondo ikose njia pana.

Leo wenzetu wa uhandisi wanaiga sahani hiyo kwenye kompyuta, na kuna siku programu inaleta joto sifuri. Hapo fikiri kama Foucault. Sahani imeamriwa izunguke, au imechorwa tu? Shaba imepewa upitishaji wake wa umeme? Hatua za muda ni fupi vya kutosha? Vijisehemu vya wavu ni vidogo karibu na uso, mikondo inakojazana? Kisha ipime: kwenye kasi ndogo, ukiongeza kasi maradufu, nguvu ya breki nayo iwe karibu maradufu, na joto mara nne.

Foucault alifariki Februari 1868, akiwa na miaka 48. Sisi walimu watarajiwa tukipangiwa shule ya Kisarawe isiyo na kompyuta, tusiiruke mada. Sumaku ya spika mbovu ikibembea kwa uzi karibu kabisa na kitako cha sufuria nene ya alumini hutulia mapema kuliko ikibembea juu ya ubao. Mwanafunzi akiliona hilo, siku atakayokutana na programu atajua lini inamdanganya.