Paracelsus na Wakazi wa Asili Nne

Theophrastus von Hohenheim, aliyekuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Paracelsus, alizaliwa takriban mwaka 1493 huko Einsiedeln, Uswisi. Babaye alikuwa tabibu. Baada ya mama kufariki, baba na mwana walihamia Villach, katika Austria ya leo, eneo la machimbo ya madini, na huko kijana akayazoea mawe na moto wa tanuri tangu utotoni.

Mwaka 1527 aliteuliwa kuwa tabibu wa mji wa Basel, akafundisha pia chuoni. Alifundisha kwa Kijerumani, lugha ya vinyozi na wachimba madini, ilhali usomi wote wa tiba ulikuwa wa Kilatini. Isitoshe, yasimuliwa kwamba alikitupa motoni kitabu cha tiba cha Ibn Sina mbele ya wanafunzi. Wanaoufahamu mjadala wa kufundisha taaluma kwa Kiswahili hawatashangaa kwamba wasomi wenzake walimwandama. Mwaka 1528, baada ya kesi juu ya ujira aliomdai kasisi mmoja, alitoroka mjini. Tangu hapo maisha yake yakawa ya kutangatanga.

Miongoni mwa maandishi yake kipo kijitabu juu ya viumbe wa asili nne: ardhi, maji, hewa na moto. Dhana ya asili hizo ilikuwa kongwe. Empedocles, Myunani wa karne ya 5 K.K., alikwisha kuifundisha. Jipya la Paracelsus lilikuwa kuipa kila asili wakazi wake: gnomu wa ardhini, undina wa majini, silfu wa hewani na salamanda wa motoni. Majina gnomu na silfu huaminika kuwa aliyabuni mwenyewe. Wala hakuishia kwenye majina. Kila kiumbe alimwekea kanuni. Kwa gnomu, mwamba ni kama hewa ilivyo kwetu: hupita ndani yake bila kizuizi. Kadiri makazi yalivyo mazito, ndivyo mwili wa mkazi unavyokuwa mwepesi. Binadamu, aishiye katika hewa nyepesi, ndiye mwenye mwili mzito. Mkazi wa asili moja hawezi kudumu katika asili nyingine. Undina hana roho isiyokufa, ila huipata akiolewa na binadamu. Mume akimuudhi karibu na maji, hurejea majini, na mume huyo akioa mwingine hukiona kifo. Gnomu nao hulinda hazina za ardhi zisije zikagunduliwa zote kwa mkupuo mmoja.

Hapa ndipo ubora wake ulipo. Uwezo wa viumbe hawa na udhaifu wao vyatoka mahali pamoja, yaani katika asili yao. Ieleweke kuwa Paracelsus hakuwa akitunga ngano. Aliamini kwamba viumbe hao wapo, naye aliwaeleza kwa makini yale yale aliyoyatumia kueleza maradhi ya mapafu ya wachimba madini.

Alifariki Salzburg tarehe 24 Septemba 1541, akiwa na mali chache. Kijitabu chake kilichapishwa mwaka 1566, miaka 25 baada ya kifo chake. Mwaka 1811 Mjerumani Friedrich de la Motte Fouqué alimfanya undina kuwa mhusika mkuu wa hadithi. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo ambamo wachezaji huketi pamoja na kuigiza wahusika wa kubuni. Katika kanuni za mwaka huo mchawi aliweza kumwita kiumbe wa mojawapo ya asili nne, mradi asipoteze umakini. Akiupoteza, kiumbe alimgeukia yeye aliyemwita. Waliobuni uchawi wa namna hiyo katika michezo iliyofuata wameendelea kuchota katika kisima hicho. Gnomu peke yake ndiye aliyepunjwa: katika mchezo ule amekuwa mtu mfupi mwenye ndevu, na mwamba akiufikia hana budi kuuchimba kama mtu mwingine yeyote.