Dijkstra: Mholanzi aliyeifunza kompyuta kungoja zamu

Hebu fikiria yadi ya malori pale Malaba yenye nafasi 8 tu. Karani wa lango la kuingilia anajua lori linalofuata litaegeshwa wapi. Yule wa kutokea anajua lipi linaondoka kwenda Uganda. Wakikosana hesabu, ni balaa. Kompyuta nayo ina yadi kama hiyo, inaitwa bafa.

Aliyeumiza kichwa kuipangia hesabu ni Edsger Dijkstra, aliyezaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1930. Alisomea fizikia Leiden, lakini programu zikamteka. Mwaka 1956, akiwa mkahawani Amsterdam, alipata mbinu ya kutafuta njia fupi kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi. Mwaka uliofuata alipooa, maafisa wa jiji walikataa kuandika kwamba kazi yake ni kutunga programu. Kwao hakukuwa na kazi kama hiyo, basi akaandikwa mwanafizikia.

Mwaka 1965, akiwa profesa Eindhoven, alieleza jinsi programu mbili zinavyotumia bafa moja, moja ikiandika na nyingine ikisoma. Alitumia semafo alizobuni mwenyewe, jina alilolitoa kwenye ishara za reli. Semafo moja inahesabu nafasi tupu, nyingine zilizojaa. Hakuna tupu? Anayeandika angoje. Hakuna iliyojaa? Anayesoma angoje.

Mbona ujali? Kwa sababu siku moja utaiandika upya programu yako ili iwe safi, na humo utakuta namba mbili: mahali pa kuandika na mahali pa kusoma. Zote zinaanza 0, zikipita 7 zinarudi 0. Sasa zikilingana, bafa ni tupu ama imejaa? Hizo mbili pekee haziwezi kukwambia. Ongeza namba ya tatu ya kuhesabu vilivyomo, ama uache nafasi moja wazi daima. Ukikosea, ujumbe wa malipo ya mteja unafunikwa kabla haujasomwa, na programu inanyamaza tu.

Dijkstra alishikilia kwamba kuijaribu programu hakuthibitishi haina kasoro. Lazima ujue kwa nini ni sahihi. Alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1972, akafundisha Texas kuanzia 1984, na akafariki kwao Nuenen tarehe 6 Agosti 2002. Maandishi yake mengi aliyaandika kwa kalamu ya wino.

Nawe basi, kabla ya kugusa kibodi, chora nafasi 8 kwenye karatasi, uzifuate kwa vidole viwili.