Maisha ya Dakta Aggrey wa Anomabu



Ni desturi ya kijitabu hiki, baada ya hesabu za fedha na majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, kuweka kurasa chache za maisha ya mtu mmoja aliyejulikana. Mwaka huu halmashauri imemchagua marehemu Dakta James Emman Kwegyir Aggrey, na sababu yake haifichiki. Katika mkutano mkuu lilizuka shauri la kijana mmoja, mtoto wa pekee wa mama mjane, aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo akaja kutuomba msaada wa nauli. Wazee waligawanyika. Waliosema aende walikuwa na hoja, na waliosema abaki na mama yake nao walikuwa na hoja. Shauri hilo halijakwisha. Tumeona si vibaya kulitazama kwa njia ya mtu aliyelibeba shauri la namna hiyo karibu maisha yake yote.

Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabu, pwani ya nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Kabila lake lilikuwa Wafante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mtawala wa mji. Kwa desturi ya watu wale mtawala hasemi na raia moja kwa moja. Maneno yake hupita kinywani mwa msemaji, naye huyatengeneza kwa adabu na methali kabla ya kuyafikisha. Waliomsikia Aggrey akihutubu baadaye hawakuwa na haja ya kuuliza ufasaha ule aliupata wapi. Mama yake aliitwa Abna Andua. Tukumbuke pia kwamba kwa Wafante mtu huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na deni lake la kwanza ni kwa watu wa upande huo. Kwa hiyo kijana wa Kifante aondokapo nyumbani, anayeachwa hasa ni mama na ukoo wake.

Alisomeshwa na wamisionari wa Kiwesley, akawa mwalimu angali kijana, kisha mwalimu mkuu wa shule mjini Cape Coast. Kazi ilikuwa nzuri, heshima ilikuwapo, na nyumbani hapakuwa mbali. Ndipo Askofu John Bryan Small, mtu mweusi mzaliwa wa Barbados, alipokuwa akitafuta vijana wa Kiafrika wa kwenda kusomeshwa Marekani ili warudi kulitumikia Kanisa katika nchi yao. Tarehe 10 Julai 1898 Aggrey alipanda meli. Umri wake ulikuwa miaka 22.

Alifika katika Chuo cha Livingstone, mjini Salisbury, katika jimbo la North Carolina, akapata shahada yake mwaka 1902. Makubaliano yalikuwa arudi. Hakurudi. Chuo kilimtaka afundishe, akafundisha. Akapewa daraja ya ukasisi. Akamwoa Bibi Rose Douglass wa Portsmouth, Virginia, wakajenga nyumba na kupata watoto. Tangu mwaka 1914 alichunga makanisa mawili madogo ya shamba, na huko aliwasaidia wakulima weusi, waliokuwa wamezama katika madeni, wajifunze kuweka akiba, kukopeshana na kununua ardhi. Kwa chama kama chetu sehemu hii ingestahili kijitabu chake peke yake. Hata hivyo hatuwezi kumsafisha mtu kwa kuwa tunampenda. Mwaka ulikwenda, mwingine ukaja, na mama yake aliyeko Anomabu alikuwa akingoja. Yeye mwenyewe kila mara alikuwa na jambo moja zaidi la kujifunza. Wakati wa likizo alikwenda New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia. Wanachama wetu waliokuja mjini kwa mwaka mmoja, wakakaa ishirini, wanajua jambo hili hutokeaje bila mtu kuliamua.

Mwaka 1920 mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ulituma tume kuchunguza elimu ya Waafrika, chini ya Dakta Thomas Jesse Jones, na Aggrey akawa Mwafrika pekee ndani yake. Tume ilipofika Gold Coast alikwenda Anomabu, akamwona mama yake. Alikuwa ameishi nchini kwao miaka 22, na nje yake miaka 22. Wala hakuweza kukaa. Tume ilikuwa na safari mpaka Afrika ya Kusini, na ng'ambo ya bahari walikuwako mke na watoto. Tangu siku ile hakuwa tena na nyumba moja ya kutamani kuirudia.

Mwaka 1924 tume ya pili ilikuja kwetu Afrika ya Mashariki, naye Aggrey akafika Kenya. Ilikuwa miaka miwili tu tangu watu walipopigwa risasi mjini Nairobi baada ya kukamatwa kwa Harry Thuku, na mioyo ilikuwa na uchungu. Aggrey aliwaambia watu kwamba kinanda hakitoi sauti kamili kwa vibonye vyeupe peke yake, wala kwa vyeusi peke yake. Wako waliomwona mpole kupita kiasi, na sisi hatudhani walikosea kabisa. Lakini wengi hawakuwahi kumwona mtu mweusi mwenye elimu ya kadiri ile akiketi katika baraza pamoja na Wazungu na kuhojiana nao. Hadithi yake ya tai aliyelelewa pamoja na kuku ilienea kote barani, na watoto wengi wameisikia bila kujua ilitoka kwa nani.

Hapo ndipo uamuzi mzito ulipomkabili. Gavana Guggisberg wa Gold Coast alikuwa akijenga chuo kikubwa Achimota, karibu na Accra, akamtaka Aggrey awe miongoni mwa viongozi wake, chini ya Mchungaji A. G. Fraser. Kwenda Achimota kulikuwa kulipa deni la mwaka 1898. Lakini kulikuwa pia kuvunja nyumba ya Salisbury, ambako watoto walikuwa wakisoma na mke alikuwa na watu na maisha yake. Aggrey alikwenda mwaka huo huo wa 1924. Sehemu kubwa ya miaka ile Bibi Rose na watoto walikuwa Marekani, na mzigo wa nyumba ulikuwa juu yake. Habari za Dakta Aggrey huandikwa mara nyingi, za Bibi Rose mara chache. Sisi tunaona sehemu ya Achimota ililipwa naye. Mtoto wa mwisho, Rudolph, alizaliwa Salisbury tarehe 24 Julai 1926, kazi ya baba yake ikiwa Achimota.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Baadhi ya wananchi walishuku kwamba serikali imejenga chuo ili iwape Waafrika elimu duni, na Aggrey alizunguka kuwatuliza. Kwa upande mwingine alisimama imara kwamba wasichana wapokelewe pamoja na wavulana, nao wakapokelewa. Katika wanafunzi wa ualimu waliovutwa naye alikuwamo kijana aitwaye Kwame Nkrumah. Chuo kilifunguliwa rasmi mnamo Januari 1927.

Mwaka huo huo alichukua likizo akaenda New York kumaliza kitabu cha udaktari wa Columbia. Udaktari huu alitaka kuupata kwa jasho lake. Akashikwa na ugonjwa wa uti wa mgongo ghafula, akafariki katika hospitali ya Harlem tarehe 30 Julai 1927, kabla ya kutimiza miaka 52. Kitabu kilibaki bila kumalizika. Rudolph alikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku sita. Alikua mikononi mwa mama yake, na mwaka 1973 alirudi Afrika ya Magharibi akiwa balozi wa Marekani nchini Senegal.

Baba yake hakuzikwa Anomabu, wala Achimota. Alizikwa Salisbury.