Sultani wa Sarafu za Kilwa

Wanafunzi wenzangu, hapa Busia kila siku tunaona shilingi ya Kenya ikibadilishwa na ya Uganda. Kumbe Waswahili walikuwa na sarafu zao tangu zamani sana!

Al-Hasan bin Sulaiman alitawala Kilwa, kisiwa kilichoko Tanzania, katika karne ya 14. Ujanani alisoma Aden, akahiji Makka. Dhahabu ya Sofala iliitajirisha Kilwa, naye akajenga jumba la Husuni Kubwa. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, alisimulia jinsi maskini alivyomwomba Sultani nguo alizovaa, akapewa. Ndiyo maana aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi.

Leo jumba lake ni magofu, lakini sarafu zake za shaba bado zinasomeka jina lake. Moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. Hapo tunajua biashara ilifika wapi.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sarafu ndizo daftari la Kilwa. Basi ndugu, ukiokota sarafu ya kale usimuuzie mnunuzi wa vyuma. Mwonyeshe mwalimu wa historia!