Geoffrey Spicer-Simson

Geoffrey Basil Spicer-Simson (Hobart, Tasmania, 15 Januari 1876 – Courtenay, British Columbia, Kanada, 29 Januari 1947) alikuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuiteka manowari ya Kijerumani Kingani katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha kuitumia dhidi ya Wajerumani wenyewe.

Alijiunga na jeshi akiwa na miaka 14, lakini alipanda vyeo polepole. Mwaka 1915 alipewa kazi ya kupeleka boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kwenye ziwa hilo lililotawaliwa na meli za Wajerumani. (Jina Mimi alilitoa katika Kifaransa, si Kiswahili.) Boti zilifika Cape Town kwa meli, kisha Fungurume, Katanga, kwa reli. Kutoka hapo zilivutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, katika njia iliyofyekwa na mamia ya vibarua Wakongo. Bila jasho lao zisingefika, ingawa sifa zote zilimwendea yeye.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilisogea karibu na mahali ilipo leo Kalemie. Mzinga wake ulipiga upande wa mbele tu, hivyo boti ziliishambulia kutoka nyuma. Nahodha wake aliuawa, na baada ya dakika chache meli ikasalimu amri. Ilikuwa imetoboka na kuingia maji. Ilizibwa, ikafungwa mzinga mkubwa zaidi na kupewa jina Fifi.

Tarehe 9 Februari 1916 Spicer-Simson, akiwa ndani ya Fifi, aliifukuza Hedwig von Wissmann. Fifi ilikuwa nzito, lakini Mimi ilitangulia na kumchelewesha adui, hata makombora ya Fifi yakampata. Hedwig ilizama.

Ilipotokea Graf von Götzen, kubwa kuliko zote, hakuthubutu kuishambulia. Mwezi Juni Wajerumani wa Bismarckburg (leo Kasanga) walitoroka kwa njia ya ziwa bila yeye kuwazuia. Alirudishwa Uingereza akiwa mgonjwa. Alipewa nishani, lakini hakuongoza tena mapigano. Baadaye alikuwa katibu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monako.

Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Iliibuliwa mwaka 1924, na ndiyo MV Liemba.